Kikao, barua, petisheni ama korti: ukitaka serikali ikusikie uanzie wapi?

Kila mwaka ukikaribia mwezi wa nane grupu letu la mtaa la WhatsApp huwa na ugomvi uleule: kaunti imeita kikao cha maoni, nusu ya watu wasema twendeni, nusu yasema hizo ni kelele tu, mmeenda mara ngapi na mkapata nini. Mwaka juzi mimi nilikuwa upande wa kelele tu. Saa hii siko huko, lakini pia siko na wale wanaoamini ukifika ukumbini ukashika maiki basi umemaliza kazi. Manake njia ziko nyingi na kila moja ina kazi yake, na wengi wetu twabeba shida ya huku twaipeleka kule, kama mtu anayepeleka sufuria iliyotoboka kwa fundi cherehani halafu amtukane fundi.

Nazungumzia Kenya hapa. Katiba ya 2010 imetaja wananchi kushirikishwa mahali pengi mpaka unachoka kuhesabu, kifungu cha 10 kimeweka kwenye maadili ya taifa, cha 118 kimelibana Bunge, cha 196 kimelibana bunge la kaunti, cha 201 kinashika pesa za umma. Kwa hivo ukiitwa kutoa maoni hujafanyiwa hisani na gavana wala MCA (mwakilishi wa wadi yenu kwenye bunge la kaunti). Ila katiba haikwambii shida yako ya leo uipeleke mlango gani, na hapo ndo nataka tulinganishe.

Baraza la chifu na kikao cha kaunti

Naanza na hizi mbili kwa sababu watu wanazichanganya mno. Chifu ni mtu wa serikali kuu. Barazani kwake peleka usalama, pombe haramu, vitambulisho, watoto walioacha shule, majirani waliogombania mpaka. Kikao cha kaunti huitwa na watu wa gavana ama bunge la kaunti, na mtu wako wa karibu hapo ni msimamizi wa wadi. Mtaro, zahanati, soko, chekechea, taka, maji, barabara ndogo za mitaani, hayo yote ni ya kaunti.

Niliwahi kumuona mzee mmoja akasimama kwenye kikao cha bajeti ya kaunti akaeleza habari ya hati ya shamba lake, kwa uchungu kabisa, ukumbi mzima ukanyamaza, halafu afisa akamwambia mzee wangu hilo ni la serikali kuu, kaa kitako. Akakaa. Na alikuwa amelipa boda mia mbili kuja.

Kwa bei zote mbili ni bure, ukitoa nauli na siku yako. Baraza la chifu linaishinda kaunti kwa kitu kimoja: chifu yuko palepale wiki ijayo, utakutana naye msikitini ama dukani na kumkumbusha, tena mnaongea lugha yenu. Wale wa meza ya mbele kwenye kikao cha kaunti wakiingia kwenye gari ndo imetoka hiyo mpaka mwaka mwingine. Lakini chifu hana bajeti ya mtaro wako hata akikupenda vipi, anachoweza ni kukuandikia barua ama kukuunganisha na mtu.

Sasa kikao chenyewe, kwa ambao hawajawahi kwenda. Mara yangu ya kwanza ujumbe ulitufikia saa tatu usiku, kikao kesho yake saa tatu asubuhi, saa ambayo mama muuza mahamri bado ana karai jikoni na watu wa mjengo wameshatoka. Mlangoni kuna rejista, uandike jina, namba ya kitambulisho, sahihi. Viti vya plastiki. Kitabu cha mpango wa kaunti, kurasa zaidi ya mia, Kizungu kitupu, kopi moja tu na juu yake kuna kiwiko cha afisa. Kila msemaji dakika mbili. Nikasema habari ya mtaro wetu unaofurika kila masika mpaka maji yanaingia madrasani na watoto wanasoma wakiwa wamekunja miguu juu ya mabenchi, watu wakapiga makofi, nikakaa na raha zangu, soda ikaja. Mwaka wa pili nikasema yaleyale. Mwaka wa tatu yaleyale tena, na soda ilikuwa imegeuka maji.

Nilichokuja kugundua baadaye ni kuwa yule kijana aliyekaa pembeni na daftari ndo kikao chenyewe. Asichoandika yeye hukukisema. Na anaandika haraka haraka, watu arubaini wanaongea, huyu barabara huyu basari huyu umeme, mtaro wetu akauandika "masuala ya usafi". Nimeiona ripoti kwa macho yangu. Masuala ya usafi!

Si kila kaunti iko hivi lakini. Makueni wakati wa Kivutha Kibwana, aliyekuwa gavana kuanzia 2013 hadi 2022, walianzia kijijini, watu wanakaa wanapanga kipi kwanza kipi baadaye, wanachagua watu wao wa kwenda kuyatetea ngazi inayofuata, yanapanda hivo hivo mpaka wadi, ambazo ziko 30, mpaka kaunti. Na mradi ukianza kuna kamati ya wenyeji inayokagua kazi, kontrakta hawezi kukimbilia hela zake huku wenyeji hawajaweka sahihi. Ukilinganisha na ukumbi wetu utaona kule watu wanafika na orodha waliyokwisha kugombana nayo nyumbani wakaimaliza, sisi twaingia watu mia na shida mia, kisha afisa anachagua anayoitaka yeye. Hiyo hata bila gavana mzuri mnaweza kuifanya wenyewe, mkae siku mbili kabla, mtoke na vitu vitatu, mwende wote mkisema vitatu hivohivo.

Kusema ama kuandika

Hapa mimi nina upande na sifichi: andika. Hata kama utasema, nenda na karatasi.

Kusema kuna nguvu yake, tusidanganyane. Ukumbi ukijaa kina mama waliokasirika afisa anatoka jasho, na bibi ambaye hajui kuandika ana haki ya kusikika kama wewe na PDF yako. Lakini ukisema bila karatasi unategemea daftari la yule kijana. Ukiandika, una ushahidi. Na Kiswahili kinaruhusiwa, usije ukatishwa na mtu ati lazima iwe Kizungu cha wakili.

Hiyo barua ya maoni ndo inaitwa memoranda, jina kubwa kazi ndogo. Mswada ukija, wa ushuru wa kaunti kwa mfano, wengi wanaandika "ushuru ni mwingi sana sisi maskini tunaumia". Kweli tupu, lakini karani wa kamati hana mahali pa kuiweka. Andika hivi: ukurasa fulani, jedwali fulani, ada ya meza ya samaki imetoka shilingi 30 kwa siku ikawa 50, mwenye meza moja hapati faida ya kulipa hiyo, tunapendekeza ibaki 30 kwa mwenye meza moja na 50 ianzie meza ya pili. Vitu vitatu basi: wapi, shida gani, mnataka iweje. Mwanakamati anaweza kuisoma hiyo neno kwa neno akaileta kama marekebisho bila kuumiza kichwa, na wengi wao, niwe mkweli, wanafurahi wakiletewa kazi iliyokwisha kufanywa.

Chapisha kopi mbili. Hii ndo sentensi moja ningependa uibebe kutoka kwenye haya maneno yote. Moja unaacha, nyingine unamwambia yule dada wa rejista agonge muhuri wa kupokea na tarehe, na wewe urudi nayo nyumbani. Atakwambia haina haja. Mwambie dadangu naomba tu, mimi mzee nasahau. Ile kopi yenye muhuri imenisaidia kuliko dakika zangu sita za maiki za miaka mitatu. Ukituma kwa imeli pia sawa, hifadhi ile imeli na usiifute kupunguza spesi.

Mahakama zenyewe zimekuwa zikiangalia haya mambo. Aprili 2014, kwenye kesi ya Gakuru, Jaji Odunga aliitupa sheria ya fedha (ile ya ushuru na ada) ya kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa vya kutosha, na akasema kaunti itumie kila mahali watu wanapokutana kuwafikia, makanisa, misikiti, mabaraza, redio za lugha za nyumbani. Kutimiza wajibu kwa tangazo dogo gazetini hakukumtosha. Kwa hivo mtu akikutumia ujumbe saa tatu usiku wa kikao cha kesho, chukua skrinshoti.

Petisheni na ombi la habari

Hizi mbili zote ni za wakati ambapo umesema na umeandika na bado kimya. Watu wanakimbilia petisheni kwa sababu ina kishindo, sahihi mia tano, picha mbele ya geti, MCA anaipokea anatabasamu. Mimi naona kumi kwa moja ombi la habari lingetangulia, na nitakwambia kwa nini.

Petisheni ni haki ya kifungu cha 119 kwa Bunge, na kwa kaunti sheria ya serikali za kaunti ya 2012 nayo imeiruhusu. Sheria ya petisheni kwa Bunge ina masharti madogo madogo yanayowaangusha watu: iwe Kiswahili ama Kizungu, isiwe na futafuta wala maneno yaliyochomekwa juu ya mstari, iseme kama mlikwisha kujaribu ofisi inayohusika na mkajibiwa nini, iseme kama jambo liko kortini, imalizie na ombi moja lililo wazi na la heshima, na sahihi zote ziandikwe moja kwa moja kwenye petisheni yenyewe na namba za vitambulisho. Ile ya kukusanya sahihi kwenye vijikaratasi kisha kubandika kwa gundi haikubaliki, najua grupu moja walirudi na kazi ya wiki mbili mkononi kwa ajili ya gundi. Ikipita huko, kamati ya Bunge la Taifa ina muda uliowekwa wa kutoa ripoti. Mabunge ya kaunti yana kanuni zao, ulizia ofisi ya karani kabla hujaanza kuzunguka na kalamu.

Uzuri wake inasomwa kikaoni, inaingia kumbukumbu rasmi, kamati inaweza kumuita waziri ama afisa ajibu. Ubaya: ni mbio ndefu, yataka watu wa kushikilia, na ukikosea swali ndani yake unajibiwa swali ulilokosea.

Ombi la habari ni mnyama mwingine kabisa, mdogo, mkimya, na sijui kwa nini watu hawautumii mlango huu. Sheria ya 2016 ya kupata habari inasema raia yeyote anaweza kuandika kwa ofisi ya umma aombe taarifa, na halazimiki kueleza anaitakia nini. Kuomba ni bure, utalipa fotokopi tu kama zipo. Wana siku 21, wanaweza kujiongezea 14 mara moja tu, na kama jambo lahusu uhai ama uhuru wa mtu ni saa 48. Asiyejua kuandika, afisa anatakiwa amuandikie. Wakikunyima ama wakinyamaza unaenda Ombudsman, yaani Tume ya Haki ya Utawala inayopokea malalamiko juu ya ofisi za umma. Yaani mtu mmoja, karatasi moja, hakuna maandamano hakuna sahihi.

Sisi tulikuwa tumeshaanza petisheni ya mtaro, kichwa chake kikali sana, "pesa za mtaro zimeliwa na nani", sahihi zilikuwa zimepita mia mbili. Kuna mwalimu mmoja mstaafu mtaani, mtu wa polepole, akauliza nani aliona hizo pesa zikitengwa? Kimya. Tukaandika ombi la habari: mtaro huu uko kwenye mpango wa mwaka gani, ulitengewa kiasi gani, nani alipewa tenda. Siku 21 zikapita bila jibu. Tukapeleka barua ya pili fupi tukiambatanisha ile kopi yenye muhuri na kutaja kwa upole kuwa hatua inayofuata ni Ombudsman. Jibu likaja siku ya 27, ukurasa mmoja. Mtaro haujawahi kuwa kwenye mpango wowote. Haukutengewa shilingi. Hakuna aliyekula kitu, kwa sababu hakukuwa na kitu cha kuliwa. Miaka mitatu twamtukana MCA kwa pesa ambazo hazikuwahi kuzaliwa. (MCA mwenyewe bado nina maneno yangu naye, lakini si hayo.)

Petisheni ile ingefika bungeni kamati ingejibu kwa sentensi moja kuwa madai si ya kweli, na faili ingefungwa.

Korti

Korti naiweka mwisho, sio kwa sababu haifai. Kifungu cha 22 na cha 258 vinamruhusu mtu yeyote kwenda, hata kwa niaba ya wengine. Shida ni muda, na mara nyingi wakili, na kuwa korti yenyewe itakuuliza ulifanya nini kabla ya kuja. Hapo ndo zile kopi zenye muhuri zinapogeuka dhahabu.

Mifano miwili, uipime mwenyewe. Lamu walipinga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopewa leseni ya mazingira 2016, na tarehe 26 Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira likaifuta hiyo leseni. Hoja kubwa ilikuwa vikao: vilifanyika, watu waliitwa, lakini ilikuwa kabla ya ripoti ya athari kukamilika, kwa hivo wenyeji walitoa maoni juu ya kitu ambacho hawajaonyeshwa. Hii kesi naipenda kwa sababu haikuhitaji kuthibitisha kuwa hakuna kikao kilichoitwa, ilitosha kuonyesha kuwa kikao kilikuwa cha jina. Miaka karibu mitatu ya kungoja lakini walishinda.

Upande wa pili ni sheria ya fedha ya 2023. Mahakama ya Rufaa iliifuta yote 31 Julai 2024, suala la kushirikisha umma likiwa mojawapo ya sababu, watu wakashangilia, kisha Mahakama ya Juu ikairudisha 29 Oktoba mwaka huohuo. Muda wote huo ulikuwa ushalipa. Ukienda kortini jiandae kushinda jumatatu na kushindwa jumanne.

Utaniuliza maandamano je, maana mswada wa fedha wa 2024 haukuangushwa na memoranda. Kweli, Bunge liliupitisha 25 Juni na siku iliyofuata Rais akasema hatautia sahihi. Ni haki ya kifungu cha 37. Lakini vijana walikufa siku ile ya kuupitisha, na mimi siwezi kuiweka hiyo kwenye mizani moja na nauli ya boda na bei ya fotokopi, kwa hivo naiacha ilipo.

Basi uchague vipi

Mimi siku hizi naangalia kwanza jambo liko hatua gani, kabla ya kuangalia nina hasira kiasi gani. Kama ni kitu ambacho hakijapangwa kabisa, zahanati, taa, kivuko, nenda kikaoni mwezi wa saba ama wa nane, kwa sababu mpango wa mwaka wa kaunti unatakiwa ufike bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, na kitu kisichokuwa humo ni kazi kukiingiza baadaye. Kama ni mswada ama ushuru, usipoteze maneno ukumbini, andika memoranda na uonyeshe ukurasa. Kama hujui pesa zilitoka ama hazikutoka, ombi la habari kabla ya kumtaja mtu jina kwenye WhatsApp. Kama unajua, una karatasi, na ofisi imekuzungusha, hapo sasa petisheni na sahihi zako. Korti ni pale wametunga kitu bila kuwauliza, ama wamewauliza kiini macho, na madhara yake hayawezi kungoja uchaguzi.

Na kama una asubuhi moja tu kwa mwaka mzima na watoto na kibanda cha kusimamia, usiende kikaoni kukaa saa nne. Andika nusu ukurasa, mpe jirani anayekwenda, arudi na kopi ya muhuri. Wewe chemsha chai yako.

Mtaro wetu tuliupeleka upya Agosti iliyopita, safari hii watu tisa, wote twasema mtaro, mtaro, mtaro, na barua mkononi yenye jina la barabara na picha mbili za madrasa ikiwa na maji. Umeingia kwenye mpango wa mwaka, ukurasa wa 96, mstari mmoja, jina la mtaa wamelikosea herufi. Kuingia kwenye mpango bado si pesa. Kufikia 28 Februari waraka wa mikakati ya fedha wa kaunti unatakiwa uwe kwenye bunge la kaunti, kufikia 30 Aprili makadirio ya bajeti, na kwenye hizo mbili mradi unaweza kuyeyuka bila mtu kuonekana ameufuta. Yule mwalimu mstaafu kaninunulia daftari la kuweka tarehe. Masika huanza mwezi wa tatu, kwa hivo watoto mwaka huu bado watakunja miguu.